Msokoto wa Mtutu: Kutoka Woolwich hadi Bisley

Woolwich, kusini mashariki mwa London, Mwafrika hakai mgeni kwa muda mrefu. Sokoni kuna ndizi za kupika, mihogo, bamia na samaki wakavu, na akina mama wanabishana bei kwa sauti zile zile za Kariakoo, ila lugha tu ndiyo nyingine. Ukivuka barabara kuelekea Mto Thames unayakuta majengo marefu ya matofali ya Royal Arsenal, iliyokuwa karakana kuu ya silaha ya Waingereza. Siku hizi watu wanaishi humo. Nguo za watoto zimeanikwa kwenye vibaraza, na mizinga michache imebaki uani kwa ajili ya wapiga picha.

Nilifika hapo kumfuata mwalimu wa hisabati aliyekwisha kufa zamani. Mwaka 1879 George Greenhill, profesa aliyewafundisha maofisa wa mizinga hapo Woolwich, alitoa kanuni fupi ya kujua mifereji ya ndani ya mtutu izungushwe kiasi gani ili kichwa cha risasi kiende kimenyooka. Waingereza baadaye walimpa cheo cha heshima, lakini mtaani Woolwich sikukutana na mtu anayelijua jina lake. Mimi nililisikia mara ya kwanza kwa baba.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori Liwale. Kazi yake ilikuwa tembo wanaoingia mashambani na nyati waliojeruhiwa na majangili. Nyati mzima hukukimbia. Nyati mwenye risasi tumboni hukungoja kichakani, na anayemkuta kwanza kwa kawaida ni mama anayeokota kuni. Ndiyo maana baba hakuwa na maneno mengi juu ya ukubwa wa bunduki, mazungumzo wanayoyapenda vijana. Alikuwa akichukua boksi jipya la risasi, anapiga tatu kwenye gogo la mkorosho uliokufa, kisha anayakagua matundu kwa kidole. Tundu la mviringo, boksi linapokewa. Tundu refu, lenye umbo la risasi iliyoingia ubavu, boksi linarudishwa stoo na hakuna wa kumbishia.

Kwa nini risasi iingie ubavu? Kichwa cha risasi ni kirefu kuliko upana wake, na kikiruka, hewa hukisukuma zaidi upande wa ncha, mbele ya mahali uzito wake ulipo. Kikiachwa hivyo hivyo kitapinduka. Kinachokizuia ni kuzunguka. Mtoto yeyote aliyecheza pia anaijua siri hii: pia inayozunguka kwa kasi husimama wima hata ukiigusa, na ikipungua kasi huanza kuyumba, kisha ikaanguka. Mifereji ya mtutu ndiyo kamba ya pia. Gobore la babu zetu halina mifereji, ndiyo maana lilirusha goroli, kitu kisicho na mbele wala nyuma, na shabaha yake ikaishia karibu.

Watu wengi, hata wawindaji waliozeeka kazini, husema kwamba mtutu huchagua uzito wa risasi. Maboksi yenyewe huandikwa uzito, kwa greni, kipimo cha zamani ambacho kama 15 zake zinafanya gramu moja. Lakini chukua kanuni ya Greenhill uitazame: uzito haumo. Unapima urefu wa kichwa cha risasi kwa vipenyo vyake mwenyewe, unagawanya 150 kwa urefu huo, na jibu ni idadi ya vipenyo ambavyo kichwa kitasafiri hadi kitimize mzunguko mmoja. Kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.308 na urefu wa vipenyo 4 kitahitaji vipenyo 37.5, yaani mzunguko mmoja kwa kila inchi 11 na nusu hivi. Kwa risasi za leo zenye mwendo mkali, wengi huweka 180 badala ya 150. Kirefu kinataka kuzungushwa haraka. Kifupi hutosheka na mzunguko wa polepole. Uzito huingia kwa mlango wa nyuma tu, kwa kuwa vichwa viwili vya kipenyo kimoja na madini yale yale vikizidiana uzito, kile kizito ndicho kirefu.

Kutoka Woolwich nilikwenda Wimbledon, si kwenye tenisi bali kwenye ile mbuga ya wazi iliyo juu ya mji, Wimbledon Common. Watu wanatembeza mbwa, watoto wanaendesha farasi, na katikati kuna kinu cha upepo cha kusagia nafaka, mbao zake zimepakwa rangi nyeupe. Hapo ndipo Baden-Powell alipoandikia sehemu ya kitabu chake cha skauti kilichotoka mwaka 1908, yule yule aliyezikwa Nyeri akiuelekea Mlima Kenya. Lakini miaka mingi kabla yake, Julai 1860, Malkia Victoria alikuja kwenye majani haya kufungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha walenga shabaha. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye kiegemeo cha chuma. Malkia akavuta kamba ya hariri, na risasi ikapiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha, yadi 400 mbali.

Bunduki hiyo ilikuwa ya Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, ambaye nyuzi za skrubu alizozipatanisha ziliingia katika karakana za dunia nzima. Serikali ilikuwa imemwomba aitazame bunduki ya jeshi, Enfield ya 1853, aone kwa nini haipigi vizuri mbali. Enfield ilikuwa na tundu la inchi 0.577, na mifereji yake ilitimiza mzunguko mmoja kwa inchi 78. Mtutu wenyewe ulikuwa na inchi 39, kwa hiyo risasi ilitoka ikiwa imezunguka nusu tu. Whitworth alibaki na uzito ule ule wa risasi, greni 530, ila akalipunguza tundu hadi inchi 0.451 na kulifanya la pembe sita. Uzito ule ule katika tundu jembamba maana yake ni kichwa kirefu zaidi. Akajaribu misokoto mbalimbali, akaishia kwenye mzunguko mmoja kwa inchi 20.

Ukinionyesha mfano bora kuliko huu wa jambo ninalolisema, nitakushukuru. Bunduki mbili, uzito mmoja, na msokoto umepishana karibu mara nne. Katika majaribio ya mwaka 1857 huko Hythe, Whitworth iliiacha Enfield mbali sana. Jeshi halikuichukua hata hivyo: ilikuwa ghali kuitengeneza, na tundu lake jembamba lilichafuka upesi kwa masizi ya baruti nyeusi.

Upanuzi wa London ulipoisogelea Wimbledon, walenga shabaha wakahamishwa mwaka 1890 hadi Bisley, Surrey. Anayekwenda kwa treni hushuka Brookwood, na kituo cha Brookwood kinapakana na makaburi makubwa kuliko yote Uingereza. Niliingia humo kwanza. Chini ya misonobari kuna sehemu ya Waislamu, na humo amelazwa Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza nimeiona kwenye rafu za misikiti kutoka Lindi hadi Mombasa. Marmaduke Pickthall, mfasiri mwenzake, naye yuko hapo. Kaburi la kawaida, jiwe la kawaida. Nikasoma Fatiha, na wakati nasoma milio ya bunduki ilikuwa ikija kwa upepo, mikavu, mmoja mmoja.

Bisley ni nchi ya mchanga, mimea mifupi yenye maua ya zambarau, na misonobari. Kwa mtu aliyepita Iringa, harufu ya utomvu si ngeni. Nyumba za vilabu ni za mbao, zina veranda pana na mapaa ya bati, na zilinikumbusha nyumba za mabwana shamba zilizoachwa na wakoloni kwetu. Nilikuwa nimezoea kuziona zikiwa zimeinama na kuota majani. Hapa zimepakwa rangi na wazee wanakunywa chai. Wakanada wana nyumba yao humo humo. Julai ndiyo mwezi wa mashindano makubwa, na mahema hujaa uwanja mzima.

Nilichokipenda kuliko vyote ni namna wanavyohesabu alama. Wawili au watatu hulala pamoja mbele ya shabaha moja, wakipokezana. Ukipiga wewe, mpinzani wako ndiye anayekuandikia. Kule mbali, ndani ya handaki, watu huishusha shabaha kila baada ya risasi, huweka alama kwenye tundu na kuipandisha tena. Mwenzio hutazama kwa darubini, hutamka alama kwa sauti, nawe huitikia. Zawadi kubwa ya mfalme, inayomfanya mshindi abebwe kitini mabegani mwa wenzake, imejengwa juu ya kuaminiana huku. Mwaka 1930 aliyebebwa alikuwa mwanamke, Marjorie Foster, wa kwanza kuishinda. Nilitazama mistari ya walenga shabaha nikawaona wasichana wadogo wamelala pembeni ya wazee wa miaka themanini, na hakuna aliyewashangaa.

Mzee mmoja, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa mkanda wa ngozi uliokwisha kuwa mweusi kwa jasho, aliniita nikae naye kwenye benchi baada ya zamu yake. Nilipomwambia babu yangu alikuwa askari wa Keya na alipigana Burma mwaka 1944 na bunduki ya .303, aliinuka bila neno, akaenda kwenye gari lake na kurudi na kiboksi cha bati. Ndani mlikuwa na risasi ya .303 iliyokatwa katikati kwa urefu, kutoka ncha hadi kitako. Akaniwekea kiganjani.

Nje ni ganda la shaba nyeupe. Ndani, nyuma, madini ya risasi ya kijivu. Lakini theluthi ya mbele, chini ya ncha, haikuwa na madini ya risasi. Ilikuwa na kipande cheupe, chepesi: alumini. Mzee akanieleza kwamba nyakati za vita walijaza hata nyuzi za mbao au karatasi iliyoshindiliwa. Risasi hii ndiyo Mark VII ya mwaka 1910, greni 174. Iliyoitangulia ilikuwa na pua butu na uzito wa greni 215. Msokoto wa mtutu haukubadilishwa: mzunguko mmoja kwa inchi 10, ukielekea kushoto. Kwa sababu ya ile alumini, kichwa chepesi kilibaki na urefu usiopishana sana na ule wa kizito, na mtutu uliotengenezwa kwa ajili ya greni 215 ukakirusha bila taabu. Babu aliibeba risasi hii begani katika bonde la Kabaw akidhani, kama kila askari, kwamba ndani ni madini matupu.

Mzee mwenyewe hupiga risasi ya greni 155, na mtutu wake una mzunguko mmoja kwa inchi 13. Nilimuuliza kwa nini asiweke inchi 8, ili awe na usalama mwingi. Akatikisa kichwa. Hakuna kichwa cha risasi kisicho na kasoro. Ganda huwa nene kidogo upande mmoja, na kitovu cha uzito hukaa pembeni kwa kadiri ya unywele. Kadiri unavyokizungusha kwa kasi, ndivyo kasoro hiyo inavyokitupa nje ya mstari kinapouacha mdomo wa mtutu. Na vichwa vyepesi vyenye ganda jembamba huweza hata kupasuka angani. Kwa inchi 13 na mwendo wa kama mita 900 kwa sekunde, risasi yake tayari inazunguka zaidi ya mara 2,700 katika sekunde moja. Kipe kinachokitosha, akasema, usikipe zaidi.

Kisha akaniuliza kwetu kuna joto au baridi, na kama ni juu au ni pwani. Nilidhani ni mazungumzo ya hali ya hewa, ambayo Waingereza huyapenda, kumbe bado alikuwa kwenye mtutu. Hewa ya baridi ni nzito na huisumbua zaidi risasi inayosafiri. Bunduki ya Wamarekani, M16, ilianza na mzunguko mmoja kwa inchi 14, na majaribio ya kwenye baridi kali yakaonyesha kwamba haitoshi. Mwaka 1963 wakahamia inchi 12. Kwa hesabu hiyo hiyo, mtutu unaosuasua Bisley mwezi Januari unaweza kupiga vizuri Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Nimeishi Nairobi na sikuwahi kuliwazia hilo.

Alasiri akanipeleka Stickledown, uwanja wa masafa marefu. Watu hupiga kutoka yadi 1,000, na kuna mistari iliyo nyuma zaidi, ya 1,100 na 1,200. Kilomita nzima na zaidi. Baadhi ya wapigaji hapo hulala chali, miguu imeelekezwa kwenye shabaha, mtutu umelazwa juu ya mwili na mkono mmoja unashikilia kichwa kisianguke. Mtu asiyejua angedhani wamepumzika. Risasi zao ni ndefu na nzito kuliko ya mzee, kwa sababu ndefu hukata hewa vizuri zaidi na hubaki na mwendo uliozidi ule wa sauti hadi mwisho wa safari. Na mitutu yao, kwa sababu hiyo, imesokotwa kwa ukali zaidi. Kila mmoja kachagua kichwa kwanza, kisha akamwagiza fundi mtutu wake.

Lakini somo langu kubwa nililipata kwenye uwanja mdogo wa yadi 100, ambapo watu huja kurekebisha bunduki zao. Hapo palikuwa na mama wa makamo mwenye viatu vya matope, ambaye kazi yake ni kupunguza idadi ya muntjac katika misitu ya wakulima. Muntjac ni mnyama mdogo mwenye kimo cha funo, aliyeletwa kutoka Asia na kutoroka mabustani ya matajiri. Chui hayupo, mbwamwitu hayupo, na wanyama hawa wanayala machipukizi ya msitu hadi ardhi inabaki wazi. Niliposikia hivyo nikamwona mwenzetu. Baba naye aliwekwa kati ya mnyama na mkulima.

Bunduki yake ni .22-250 aliyoirithi kwa baba yake, mzunguko mmoja kwa inchi 14. Miaka yote imepiga greni 55 za madini ya risasi na kutoboa matundu yanayogusana. Sasa mnunuzi wa nyama hataki tena madini hayo, kwa kuwa ni sumu, kwa mlaji na kwa ndege wanaokula matumbo yanayoachwa porini. Akanunua vichwa vya shaba tupu. Greni 55, zile zile. Nilikwenda naye hadi kwenye karatasi. Matundu matano yalikuwa yametawanyika upana wa sahani, na mawili kati yake yalikuwa marefu, yamechanika pembeni, na unaona wazi umbo la ubavu wa risasi. Nilipitisha kidole juu yake kama alivyokuwa akifanya baba kwenye gogo la mkorosho.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, basi ili ifikie greni 55 lazima iwe ndefu. Boksi lilisema kweli juu ya uzito, nao mtutu haukuwa na haja ya kuujua. Mama akalipokea bila manung'uniko: atatafuta kichwa cha shaba kifupi na chepesi zaidi, ingawa sheria ya huko haimruhusu kushuka chini ya greni 50 kwa mnyama huyu. Kikikataa, atabadilisha mtutu. Kumpiga mnyama na risasi inayoyumba hakukuwa miongoni mwa mambo aliyoyafikiria hata kidogo, na kwa hilo nilimheshimu sana.

Alinikaribisha mkate wenye soseji ya muntjac. Nikamweleza kwamba kwetu, mnyama akianguka, kijana mwenye kisu hutimua mbio ili awahi kumchinja kabla roho haijatoka, na mimi nyama isiyochinjwa siili. Alinisikiliza kwa makini, akauliza kijana huyo anakimbia umbali gani, na kama risasi ya kichwa inampa muda. Haimpi, nikamwambia, ndiyo maana askari Mwislamu hulazimika kujua hasa anapiga wapi. Akanimiminia chai ya maziwa isiyo na tangawizi wala hiliki, na bakuli la stroberi zenye krimu. Stroberi za Julai huko ni tamu, nazikubali.

Kabla hatujaachana alinionyesha namna ya kupima msokoto. Unachukua fimbo ya kusafishia mtutu, ile ambayo mpini wake huzunguka wenyewe, unafunga kitambaa kinachobana, unaisukuma ndani kidogo, unaweka alama ya wino juu ya fimbo na nyingine palipo mdomo wa mtutu. Unasukuma hadi ile alama ya juu imalize mzunguko na kurudi juu tena. Umbali ambao fimbo imesafiri ndio jibu. Hakuna chombo cha kununua.

Nilimwandikia mpwa wangu, ambaye siku hizi anafanya kazi ile ile ya babu yake upande wa Liwale, nikamweleza hatua kwa hatua. Jibu lilikuja usiku: "Shikamoo mjomba. Nimepima ile .458 ya stoo. Inchi 14." Nilibaki nimeishika simu. Risasi ya .458 ina greni 500, karibu mara tisa ya ile ya mama wa muntjac, na mitutu yote miwili ina msokoto mmoja. Risasi ya tembo ni nene, na ukiipima kwa vipenyo vyake si ndefu. Nikamuuliza risasi walizoletewa safari hii ni za aina gani. Akasema ni za rangi ya shaba mpaka ndani, hawajawahi kuzipiga. Nikamwambia achukue rula apime urefu wa kichwa kimoja, apime na cha zamani, kisha atafute gogo.